Mfuko wa Picha Kwenye Shati la Koplo

"Hili shati ni la nani?"

Mama mkwe alikuwa amelishika mabegani kwa ncha za vidole, analitazama mbele na nyuma. Fundi hakuinua macho. Mguu wake uliendelea kukanyaga pedali ya cherehani ingawa kitambaa kilishaisha chini ya sindano.

"La mteja, Mama."

"Mteja gani ana mabega haya? Hata marehemu mume wako hakuwa na mabega haya, na mimi ndiye niliyemzaa."



"Na hili nalo?" Kidole cha mama kiligusa kifua cha kushoto. "Unamshonea mtu aliye hai mfuko wa picha?"

Hapo Fundi akainua macho, akauona mfuko. Wiki nzima alikuwa anashona sare za kijivu za familia zilizofiwa na wanajeshi wao vitani. Kila sare ina mfuko wa nailoni upande wa moyo, unaonyesha ndani, na humo familia huweka picha ya mtu wao. Jumamosi familia zote zingekaa safu ya mbele ukumbini, zimwambie Rais kuwa ziko naye mpaka vita viishe. Lile shati jeupe lilikuwa limelala katikati ya sare, na mkono uliozoea ukalibandika mfuko kama mengine.

"Nimekosea, Mama. Mkono tu."

"Ni Koplo," mama alisema. Hakuwa anauliza.

Koplo alikuwa rafiki wa marehemu, ndiye aliyeleta begi lake nyumbani, mwenyewe akichechemea kwa jeraha la goti.

"Tangu lini?"

"Sijui, Mama. Alikuja kutengeneza mlango. Halafu meza. Halafu vitu vya kutengeneza vikaisha, akaendelea kuja."

"Na mimi nikawa nampikia chai." Mama alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Akalikunja lile shati vizuri, mfuko juu. "Sikia, mwanangu. Jumamosi asimame na sisi mbele ya Rais. Akisimama, sina neno, muoane. Asiposimama, mlango aliotengeneza asiupite tena."

Mama alipotoka tu, Fundi alimpigia Koplo simu.

"Mama amejua."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa nimechoka kujifanya nina misumari mifukoni."

"Usinichekeshe. Anataka Jumamosi usimame nasi kumuunga mkono Rais. Saa moja tu, Koplo. Unasimama, unakaa, yamekwisha."



"Mwambie nitamchotea maji maisha yake yote. Hilo la kusimama, hapana."

"Kwa nini?"

"Lile daraja alilofia mumeo, Fundi. Tuliomba turudi nyuma tangu asubuhi. Jibu likaja kwamba Rais hataki kusikia daraja limeachwa. Tukakaa. Kesho yake likaachwa vilevile, na mumeo tumeshamfunika."

Fundi aliketi sakafuni, kati ya vipande vya kitambaa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungemtazamaje mama yako mezani? Na kuna jingine, afadhali ulisikie kwangu. Goti limepona, wanasema. Alhamisi ijayo narudi kikosini."

"Hukatai?"

"Wenzangu wako kule."

"Subiri kwanza. Wewe unayempinga ndiye unakwenda kumpigania?"

"Siendi kwa ajili yake."

"Risasi itajua hilo?"

Fundi alikata simu, akampigia tena, akakata kabla haijaita. Alikuwa na hasira, lakini ukimuuliza amemkasirikia nani, Rais, Koplo, au marehemu aliyekaa pale darajani, angebaki anakukodolea macho. Simu ikatetemeka mkononi. Ulikuwa ujumbe wa mwenyekiti wa familia zilizofiwa:

"Hongera dada fundi, umechaguliwa kusema kwa niaba yetu Jumamosi. Maneno ni haya: Tuliwatoa kwa moyo mmoja. Na tungekuwa na wengine, tungewatoa tena. Yashike kichwani, usisome."

Aliusoma mara tatu. Tungekuwa na wengine. Yeye anaye mwingine, na huyo anaondoka Alhamisi.

Alimkuta mama jikoni anachambua mchele. Aliazimia kunyamaza, lakini mdomo ukamtangulia.

"Mama, lile daraja liliachwa kesho yake."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua lote." Mama alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akaliweka pembeni ya sinia. "Siku ya msiba askari wawili walikuwa wanaongea uani chini ya dirisha langu. Walidhani nimelala. Mtu aliyefiwa hulala?"

"Na bado unamshangilia?"

"Ndiyo."

"Sikuelewi, Mama. Walahi sikuelewi."

"Hata mimi kuna siku sijielewi." Vidole vyake viliendelea kuchambua. "Lakini nikisema Rais alikosea, basi mwanangu amekufa kwa ajili ya nini? Nijibu wewe, nami naacha leo hii, sare yangu uifanye tambara la deki."

Fundi aliokota lile jiwe dogo, akalirudisha pembeni ya sinia.

"Rais alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ina joto," mama akaendelea, sauti imepungua. "Akaniita mama. Anayeniita hivyo katika nyumba hii umebaki wewe peke yako, na sasa unaondoka."

"Nani amekwambia naondoka?"

"Shati lile si la hapa nyumbani."

Fundi alitaka kumkumbatia na alitaka kumtikisa mabega, vyote kwa pamoja. Akaishia kukaa chini na kuchambua mchele upande wa pili wa sinia.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka vibarazani. Safu ya mbele ilikuwa ya kijivu kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye kila kifua uso wa kijana unatabasamu. Rais aliketi jukwaani, mfupi kuliko alivyo kwenye televisheni, macho yamevimba kwa uchovu. Fundi alikuja amejiandaa kumchukia. Alipomwona anasoma zile picha moja moja, akashindwa hata kumchukia sawasawa. Akapandwa na hasira upya kwa kushindwa huko.

Alipopewa kipaza sauti, alimwona Koplo mlangoni nyuma kabisa, ameegemea fremu kupumzisha goti. Hakuja kusimama na familia, alikuja kumwona yeye.

"Tuliwatoa kwa moyo mmoja," Fundi alisema. Watu wakaitikia.

"Na tungekuwa na wengine..."

Mwenyekiti akamtolea macho. Fundi akamtazama mama, na picha iliyokuwa kifuani kwa mama.

"Mimi ninaye mwingine," akasema polepole. "Simtoi."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hapo ndipo walipozoea kupiga, na sijui ni wangapi walioyasikia maneno yenyewe. Rais aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Ahsante, dada," akasema.

Je, alisikia? Hakusikia? Fundi alimtazama machoni, asipate kitu zaidi ya ule uchovu. Mikono yake ilikuwa na joto, kama mama alivyosimulia, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi ya yote. Katika safu nzima ya kijivu ni mtu mmoja tu ambaye hakupiga makofi, naye ni mama mkwe.

Walipofika nyumbani, mama alikaa kwenye kiti cha cherehani na kunyoosha mkono.

"Nipe lile shati. Na kifumulio."

Akaanza kuufumua ule mfuko, uzi kwa uzi, taratibu, asichane kitambaa.

"Mimi bado niko na Rais," alisema bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, Mama."

"Usiniulize kwa nini."

"Sikuulizi."

"Mpigie huyo mchechemeaji. Mwambie mlango wake umelegea tena."

"Mama, mlango mzima ule."

"Mwambie hivyohivyo. Atakuja."

Jumatatu walifunga ndoa kwa msajili. Mama mkwe alikuwa shahidi wa pande zote mbili, na msajili alipouliza yeye ni mama wa nani, alijibu, "Wa hawa." Makazi yakawa palepale, chumba cha nyuma, na Koplo akahamia na kisanduku chake cha misumari.

Asubuhi ya Alhamisi Koplo alisimama mlangoni, sare ya jeshi mwilini na lile shati jeupe juu ya begi. Upande wa moyo palibaki matundu madogo ya sindano.

"Kwaheri, Mama," akasema.

Mama alimfunga kifungo cha kola ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Wa kwanza nilimtoa," alimwambia. "Wewe sijakutoa kwa mtu. Nimekuazimisha tu. Uje nyumbani."

Koplo aliitikia kwa kichwa, akaenda. Fundi alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na mkono wa mama kwa mwingine, hajui kati yao wawili nani anamzuia mwenzake asianguke.