Mfuko wa Tisini na Sita

Fuso jeupe liliruka tuta la mwisho la Runzewe bila kupunguza mwendo. Kudra Maganga aliongeza mafuta ya pikipiki yake, Boxer nyekundu, akabaki mita hamsini nyuma.

Saa tano asubuhi. Wingu zito upande wa Biharamulo.

Amri ilikuwa imeingia alfajiri kwenye simu yake. Maneno manne. "Mzigo umebadili nguo. Tafuta."

Alielewa mara moja. Siku tatu kabla, mapipa ishirini na manne ya sianidi, sumu inayotumika kuchenjulia dhahabu, yaliibwa njiani kuelekea mtambo mmoja wa Geita. Vizuizi viliwekwa kila barabara. Askari waliambiwa watafute mapipa ya bluu yenye picha ya fuvu. Walikagua kila lori lenye pipa.

Hakuna aliyekagua lori la chumvi.

Kudra alikuwa na miezi miwili ndani ya kiwanda kidogo cha vifungashio pale Katoro, akijifanya karani wa ghala. Mwenye kiwanda aliitwa Marcel, raia wa kigeni aliyejitambulisha kama mtaalamu wa ugavi. Idara ya Usalama, iliyomtuma Kudra, ilimtilia shaka muda mrefu, ila haikuwa na ushahidi. Asubuhi hiyo Kudra aliupata. Nyuma ya ghala, chini ya turubai, kulikuwa na mapipa ya bluu matupu. Kwenye daftari la uchapaji kulikuwa na oda ya mifuko tisini na sita ya chumvi ya mezani, kilo ishirini na tano kila mmoja, bila jina la mteja. Na rafuni zilibaki nailoni zake zote za ndani. Marcel aliagiza wapakie haraka, bila nailoni. Sumu iliwekwa kwenye viroba vitupu, na Fuso lilikuwa limeshaondoka.

Wanunuzi walikuwa kundi la wenye silaha ng'ambo ya mpaka. Hawakuwa wachenjuaji wa dhahabu.

Kioo cha Fuso upande wa kushoto kilishuka. Mkono ukatoka na bastola.

Risasi ya kwanza ilipita juu ya helmeti yake. Ya pili ilivunja kioo cha pembeni cha pikipiki. Kudra alilala juu ya tangi, akachomoa Glock yake na kulenga chini.

Mara mbili.

Tairi la nyuma lilipasuka. Fuso liliyumba, likaingia bondeni na kusimama limeegemea kichuguu.

Alipofika mlangoni, mwenye bastola alikuwa bado anahangaika na mkanda. Alikuwa Fredy, msimamizi wa usafirishaji wa Marcel. Kudra alimpiga kitako cha bastola kwenye kifundo cha mkono, akamvuta nje na kumfunga pingu. Dereva, mzee mmoja wa Mhunze aitwaye Maduhu, alikuwa ameinua mikono. Alisema alikodiwa kubeba chumvi tu.

Stanslaus, mwenzake Kudra wa Idara, alifika na Hilux dakika chache baadaye. Wakafungua turubai na kuhesabu.

Tisini na tano.

Wakahesabu tena. Tisini na tano.

"Mmoja uko wapi?" Kudra aliuliza.

Fredy alitema mate pembeni. Maduhu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. Walisimama Runzewe kunywa chai kwa mama ntilie mmoja, Mama Loveness. Chumvi ilikuwa imemwishia. Yeye Maduhu alizoea kumsaidia, akamshushia mfuko mmoja.

Kudra alimgeukia Fredy. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Kwamba si chumvi?"

Stanslaus alimshika Kudra bega kabla hajainua mkono. Fredy aliwatazama wote wawili kama mtu anayesubiri basi lililochelewa.

Kudra alimpigia mkuu wake, Mzee Sostenes, aliyekuwa akiongoza kazi kutoka Shinyanga mjini. Alimweleza kwa sentensi mbili.

"Marcel ametoka Katoro," Sostenes alisema. "Ana ndege ndogo inamsubiri upande wa Geita. Geuza umkate njiani. Huyo mama nitatuma polisi."

"Watafika lini?"

"Nusu saa."

"Wachimbaji wanakula saa sita, mzee. Naenda jikoni."

"Kudra, hiyo ni amri."

Alikata simu.

Aliirudia barabara kwa mwendo ambao pikipiki ile haikutengenezewa. Matuta aliyapita pembeni, kwenye vumbi. Njia nzima aliona sufuria kubwa na watu wenye njaa. Hakuona kingine.

Mgahawa wa Mama Loveness ulikuwa wa mabati na mabenchi, jirani na karasha za kusagia mawe. Wachimbaji saba walikuwa wamekaa. Mmoja alikuwa anatafuna.

"Tema!"

Mchimbaji aligeuka na shavu limejaa. Mama Loveness, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Kudra hakutoa hata shikamoo. Aliuliza chakula kile kimetiwa chumvi ipi.

"Hicho? Nimeazima kwa jirani. Ile ya Maduhu ndiyo kwanza nimeifungua."

Kudra alimpita, akaingia ndani.

Jikoni, mfuko ulisimama karibu na jiko, uzi wa kushonea umekwishachomolewa. Juu ya meza kulikuwa na bakuli lililojaa weupe, na kwenye jiko sufuria ya maharage ikichemka. Mama Loveness alieleza kwamba hajaitia bado. Aliona mfuko hauna nailoni ndani, akaona chumvi italoa, akawa anatafuta ndoo yenye mfuniko ili aihamishie.

Kudra alimwambia ni nini. Mama Loveness alitazama mikono yake mwenyewe. Kudra alimwagiza asiguse uso, akampeleka bombani, akasimama naye mpaka alipoosha kwa sabuni mara tatu. Kisha akawaondoa wote, wakavuka barabara.

Aliporudi jikoni kuufunga mfuko, mtu mmoja alikuwa ameingia.

"Hatua mbili nyuma," Marcel alisema.

Alikuwa kwenye mlango wa uani, shati jeupe, bastola imetulia mkononi. Land Cruiser yake ilinguruma nje. Fredy alikuwa amempigia simu kuhusu mfuko huo kabla ya kukamatwa. Mfuko ule ulikuwa na namba ya kiwanda chake, na mtu akifia hapa, namba hiyo ingesomwa.

"Weka silaha chini, karani."

Kudra aliinama, akaiweka.

"Miezi miwili nimekufundisha kazi," Marcel alisema. "Nilidhani una akili. Barabarani hakuna anayeangalia mzigo. Wanaangalia mfuko."

Alimwaga bakuli ndani ya mfuko, akausokota mdomo na kuutupia begani. Alitoka kinyumenyume, mtutu ukimwelekea Kudra kifuani. Tone kubwa la kwanza liligonga bati. La pili. Halafu mvua ikashuka yote kwa pamoja.

Marcel alikuwa katikati ya ua.

"Hauna nailoni," Kudra alisema. Hakupaza sauti. "Uliagiza mwenyewe wasiweke. Maji yanapita kwenye kiroba hicho kama kwenye chujio. Unajua ikilowa inatoa hewa ya sumu. Na uko shingoni mwako."

Marcel alijua. Macho yake yalihama, kitambo kifupi tu, kuelekea begani.

Kudra alinyakua sufuria ya maharage kwa khanga iliyokuwa mezani, akatoka mbio na kummwagia.

Marcel alipiga kelele. Risasi ilitoboa bati. Mfuko ulianguka upande mmoja, yeye upande mwingine, na kabla hajainuka goti la Kudra lilikuwa mgongoni mwake. Pingu zililia. Akabana pumzi, akauburuta mfuko chini ya paa, akaufunika kwa turubai kavu, kisha akamvuta Marcel hadi ng'ambo ya barabara na kumlaza kwenye matope.

Polisi walifika na wataalamu wenye barakoa. Sostenes alipiga tena. Aliuliza habari za Marcel.

"Yuko hapa. Ameungua kidogo."

Sostenes alivuta pumzi ndefu, akasema wataongea kuhusu amri siku nyingine.

Mama Loveness alimsogelea chini ya kibaraza cha duka la jirani. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili iliyonuka sabuni. "Wabheja, ng'wanawane," alisema. Ahsante, mwanangu.

"Shikamoo, mama," Kudra alisema.

"Marahaba."

Alifuta kiti cha Boxer kwa kiganja, akaiwasha, akaingia kwenye mvua.