Bati Lisiloshika Kutu

Haya yalimpata shangazi yangu Ghaniya, wala sikusimuliwa. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Mwaka 1978 nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, hapa Nizwa, nyumbani kwa ami yangu Abdullatif, nikila halua na kujifanya nasoma.

Ami alikuwa karani wa serikali mwenye tumbo la mkurugenzi. Alikuwa amenunua Moris kuukuu, ya rangi ya maziwa, kama ile ya babu tuliyoiacha Vuga tulipokimbia Unguja. Kila Ijumaa akitoka msikitini yuko uani, miwani myeusi usoni, mtungi wa gesi ubavuni, anachomelea. Binti yake Rahila alikuwa anaolewa Ibra, na wakwe walikuwa wameshasema, kwa sauti ya kutusikilizisha, kwamba Wazinjibari, yaani sisi tuliotoka Unguja, walishuka melini na kanga moja moja. Basi ami akaapa bibi harusi atashuka katika gari kama ya babu yake, au haolewi.

Madigadi aliyakwangua kutu kwa msasa, milango akaiziba kwa puti. Tatizo sakafu. Mbele, upande wa abiria, ilikuwa imelika hata ukiinama unawaona kuku wanapita chini. Aliikata yote iliyooza, akabaki na tundu kubwa kama sinia ya harusi, na Nizwa nzima hakupata bati nene la kulizibia.

Alilipata nyuma ya msikiti wa mtaani. Limeegemezwa ukutani, zito, halina hata doa la kutu, na mwisho wake lina kitundu cha kupitishia maji. Msikiti ulikuwa umejenga jukwaa jipya la saruji la kuoshea maiti. Wazee walisema bati la zamani lizikwe, ila hakuna aliyepata nafasi ya kuchimba.

"Ami, hilo si la maiti?" nikamuuliza.

"Kwani maiti wamelalamika? Chuma ni chuma. Wewe msomi mzima unaogopa bati?"

Nikacheka. Alilikata kwa tindo, akalichomelea pande zote, kitundu akakiziba. Mshono wake ulikuwa mzuri, siwezi kumnyima hilo.

Siku ya kuijaribu gari, shangazi Ghaniya ndiye aliyekaa mbele. Alikuwa dada yake ami, hakuolewa, na ndiye aliyemlea Rahila tangu mamake afariki. Nyumba ile ilimwita kila dakika, ikamshukuru siku ya Idi. Walikwenda sokoni wakarudi. Aliposhuka, kiatu chake cha kulia kilikuwa kimelowa chapachapa.

"Abdullatif, gari yako inavuja."

"Inavuja nini, na mvua haijanyesha tangu mwaka jana?"

Shangazi alikivua kiatu, akakinusa. Kilinuka majani ya mkunazi yaliyopondwa.

Mara ya pili walikwenda Samad Ash Shan, njia ya Ibra, kualika jamaa. Aliposhuka niliitazama miguu yake. Miguu yote miwili imelowa mpaka magotini. Hina aliyojipaka juzi imetoka yote, nyayo safi kama za mtoto mchanga. Kikuku chake cha fedha kimevuliwa, kimewekwa juu ya dashibodi.

"Kuna mtu kanisugua vidoleni," aliniambia chini chini. "Taratibu. Kama anayetafuta thawabu."

Nikamwita Bi Turkiya, anayewaosha maiti wa kike mtaani petu. Hakungoja hata shikamoo yangu. Alifungua mlango wa gari, akaweka kiganja sakafuni, akakiondoa haraka.

"Bati hili nimeliinamia miaka yangu yote," akanong'ona. "Huanza na mguu wa kulia. Ya kwanza mkunazi. Ya pili mkunazi. Ya tatu karafuu maiti, basi khalas. Huyu keshaoshwa mara mbili."

"Nani?" ami akauliza, na anajua.

"Ghaniya. Ling'oe. Bati hili halimwachi mtu nusu."

"Harusi Alhamisi, bibi. Nikikata sakafu gari haitoki."

"Basi asikae mtu hapo."

"Na likishammaliza?"

Bi Turkiya akaufunga mlango wa gari. "Hunyamaza. Mpaka aletwe mwingine."

Mimi nilijiambia ni ushirikina, shangazi sikumwambia. Nikadhani ami naye kapuuza, maana alirudi kupiga rangi huku anapiga mluzi.

Alhamisi baada ya adhuhuri, gari imepambwa asumini, shangazi alikuwa anaelekea teksi ya kina mama. Ami akamshika mkono. Sikuwahi kumwona akimshika mtu mkono.

"Kaa mbele, dadangu. Umetufanyia mengi. Leo siku yako."

Shangazi alilia kwa furaha. Hapo ndipo nilipojua kwamba ami anaamini, na kwamba anataka bati limmalize dadake linyamaze.

"Shangazi, njoo nyuma na sisi," nikasema.

"Nyuma kumejaa," akasema ami.

Hakukujaa. Rahila alivuta nguo yake ya harusi, akaitandaza juu ya nafasi iliyobaki. Hakunitazama.

Tulipoiacha Samad nyuma, harufu ikaingia. Karafuu maiti. Ami akateremsha kioo. Nikasikia maji. Yanamiminwa kwa kata, kidogo kidogo.

"Baridi," akasema shangazi.

Ami akafungua redio.

"Abdullatif, baridi."

Redio ikapanda. Hakusema tena. Nikanyoosha mkono, nikamgusa shavu. Kavu. Baridi, na kavu. Shela yake ilikuwa imefungwa chini ya kidevu, fundo liko utosini. Nani kaifunga, sikuona.

Ibra walitupokea kwa vigelegele. Wakwe waliisifu gari, wallahi waliisifu. "Dada kachoka," ami akawaambia. "Mwacheni alale." Ndoa ikafungwa, wali ukaliwa, na shangazi yumo garini, vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja kwa uzi wa dhahabu uliochomolewa kwenye nguo ya Rahila. Msiba ulitangazwa baada ya kahawa.

Tulipomrudisha Nizwa, Bi Turkiya hakumwosha. Alimfunua, akamnusa, akamfunika. "Kaoshwa tayari," alisema. "Na kaoshwa vizuri."

Ami aliling'oa bati mwenyewe, kwa tindo, kwa pupa, hata viatu hakuvaa. Alisimama juu yake miguu mitupu huku analikata. Akalizika wadini, kwenye mto mkavu. Moris ikaozea uani, mpaka kuku wakahamia ndani.

Mwaka ule ule mguu wake wa kulia ukaanza kulowa. Daktari alisema jasho.

Mwaka 1986 nilikwenda kumwamkia. Alikuwa kitini, miguu yote miwili imezongwa taulo. Pete yake ya akiki iko dirishani.

"Mwanangu, nani kanivua pete?"

"Sijui, ami."

"Ninusie miguu. Tafadhali. Ninusie tu."

Nikainama. Katika saruji, chini ya kiti chake, palikuwa na kitundu cha mviringo, kingo zake safi, na maji ya miguuni yalikuwa yanakwenda huko yenyewe. Sakafu ile niliijua tangu ilipomwagwa. Haikuwa na tundu.

Nikanusa.

"Mkunazi, ami," nikamwambia. "Bado mkunazi."