Hewa Mbichi ya Mkonze

Gurudumu la toroli liligoma katikati ya soko la Majengo, zabibu zikiwa juu. Kijana mwenye ovaroli ya bluu akainama kulichungulia kabla hajamtazama mwenye toroli.

"Bushi imelika, hii pete inayozungukia ekseli," akasema.

"Hata salamu hakuna? Bushi kwanza?"

Zablon akainua macho, akaliona gauni la njano na aliyelivaa. Gurudumu likasahaulika.

Kufikia Septemba alishamposa Anitha, yule mwenye toroli. Karakanani alikuwa akiunda bushi za plastiki iliyochanganywa na nyuzi za katani. Lakini siku hizo, Dodoma imekauka hadi midomo inapasuka, yeye alikuwa akimjia Anitha jioni shati limelowa.

"Umetoka wapi, mpenzi?"

"Karakana."

"Karakana kunanyesha?"

"Jasho tu, mama."

"Jasho la Dodoma? Si hukauka kabla hujalifuta!"

Kesho yake Anitha akampigia simu Lameck, fundi mwenzake Zablon.

"Shemeji, Zablon siku hizi hashindi huku. Mtafute Mkonze, kwa Priska."

Priska! Yule mpenzi wa zamani wa Zablon. Anitha akavaa gauni jekundu, akapaka wanja, maana kwa Priska haendi hovyo. Akapanda bodaboda akiwa ameamua kuvunja uchumba.

Priska alikuwa uani akianua nguo. "Yuko bandani," akasema, akitabasamu kupita kiasi.

Ndani ya banda la nailoni hewa ilikuwa nzito kama ya bafuni. Uyoga ulichipua kwenye mifuko iliyoning'inia. Zablon, kifua wazi, alichuchumaa mbele ya mashine ndogo iliyozungusha bushi.

"Kumbe ndiyo karakana yenyewe!"

Zablon akaruka. "Anitha! Wateja wangu wako Tanga. Hewa ya kule ni mbichi, imejaa unyevu, na hapa mjini nimeipata humu tu. Shika bushi hizi mbili. Hii imezunguka karakanani, hii humu, muda uleule."

Ya kwanza ilikuwa laini. Ya pili imevimba, imechubuka.

"Katani inafyonza unyevu, inavimba, inasuguana hadi inalika."

"Sikuulizi katani. Kwa nini ulinidanganya?"

"Ningesema naenda kwa Priska, ungenielewa?"

"Nisingekuelewa. Ningekuchapa. Lakini ningejua."

Zablon akainamisha kichwa. "Nisamehe, mpenzi. Bado utanioa... yaani, bado nitakuoa?"

Anitha hakucheka, ingawa alitaka. "Chomoa mashine. Stoo ya mama kule mtaani Kikuyu tutaizungushia nailoni. Maji ya kuleta mvuke nitachemsha mimi."

"Yanatakiwa kuchemka kutwa."

"Yatachemka kutwa. Shika huko."

Wakaibeba wawili. Mlangoni Anitha akamshukuru Priska kwa adabu zote. Mkono hakumpa.