Damu ya Bibi Dafrosa

Jua lilikuwa bado halijachomoza kijijini Kasansa. Agatha alikuwa ameshasali, amefagia uwanja na kubandika uji. Mume wake, Telesphor, alikuwa ananoa mundu. Mpunga ulikuwa umeiva.

Ghafla wakasikia kilio cha Lucia kutoka njia ya mtoni.

Lucia alikuwa binti yao wa miaka minne. Tangu uchanga wake vidole vilikuwa vinavimba, na mifupa inamuuma. Kila alipougua, mama yake Telesphor, Bibi Dafrosa, alimpeleka mtoni alfajiri. Alimwogesha maji ya baridi yenye majani ili mkosi umtoke. Alifanya hivyo kwa upendo.

Asubuhi hiyo alirudi amembeba mtoto anayetetemeka.

"Umeona, Telesphor? Mtoto wa kwanza tulimzika. Huyu naye ndiyo hivi. Damu mbaya imetoka kwa kina Agatha, kwetu haipo. Mpunga ukiingia ghalani, mwenzio arudi kwao."

Telesphor aliendelea kunoa mundu, ingawa ulikuwa umeshapata makali. Kimya hicho kilimuumiza Agatha kuliko maneno ya mkwe. Alimfunika Lucia kitenge, akasali moyoni: "Ee Mungu, kama ni mimi ninayemuumiza mwanangu, nionyeshe."

Kituo cha afya walimpa mtoto dawa ya maumivu na barua ya kwenda hospitali, Mpanda. Bibi Dafrosa akavaa khanga yake ya kanisani.

"Na wewe unaenda, mama?" Telesphor aliuliza.

"Nibaki vipi? Nataka nisikie kwa masikio yangu mwenyewe."

Hospitali walipokelewa na muuguzi aitwaye Esteria. Alimchukua Lucia damu, kisha akawaomba wazazi nao wapimwe.

"Mpime mama yake tu," alisema Bibi Dafrosa.

"Mtoto ana wazazi wawili, bibi."

"Haya, basi nipime na mimi! Uone damu safi ilivyo." Akanyoosha kidole kama bibi harusi anayesubiri pete. Hata Agatha, pamoja na hofu yake, alitabasamu.

Majibu yalipotoka, Esteria alivuta benchi akaketi karibu nao.

"Lucia ana selimundu. Chembe zake za damu zinajikunja kama mundu wa kuvunia. Zinakwama kwenye mishipa, ndipo maumivu yanaanza. Baridi inayaamsha."

Bibi Dafrosa aliinamisha macho. "Yale maji ya mtoni..."

"Hukujua, bibi."

"Ugonjwa umetoka kwa nani?" Telesphor aliuliza.

"Kwa nyie wawili. Kila mtu anapewa mbegu mbili za damu, moja ya baba na moja ya mama. Agatha ana moja nzima na moja ya selimundu. Na wewe vilevile. Nyie hamuumwi, kwa sababu ile nzima inawakinga. Lucia amepata mbegu ya selimundu kutoka kwa kila mmoja wenu. Katika kila mimba yenu, nafasi ya mtoto kuumwa hivi ni moja kati ya nne."

"Na mimi?" Bibi Dafrosa aliuliza.

"Na wewe unayo moja, bibi. Huenda Telesphor aliipata kwako."

Kidole kile kikarudi ndani ya khanga.

"Sasa nani ametufanyia hivi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna mchawi hapa. Kwenu kuna mbu?"

"Kwenye majaruba ya mpunga? Wamejaa!"

"Tangu enzi za mababu, malaria iliua watoto wengi. Lakini mtoto mwenye mbegu moja ya selimundu, malaria kali haikumuua kirahisi. Alikua, akazaa, akairithisha. Kizazi hadi kizazi, wenye mbegu hiyo wakawa wengi kwenye nchi za malaria kama yetu. Kule kusiko na malaria haikuwa na faida, ndiyo maana ni wachache."

"Kumbe ilitulinda," alisema Agatha.

"Iliwalinda wengi, lakini wanaopata mbili wanateseka. Na msitupe chandarua! Malaria ni hatari sana kwa Lucia."

Aliwaeleza mengine pole pole. Lucia ahudhurie kliniki na ameze dawa kila siku. Anywe maji mengi, avae nguo za joto. Akipata homa, awahishwe hospitali siku hiyohiyo.

Walipanda basi la kurudi. Telesphor ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Mama, nikimrudisha Agatha kwao, wewe nikurudishe wapi?"

Bibi alimkazia macho. Kisha akacheka mpaka akafuta machozi, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko. Akamshika Agatha mkono.

"Nisamehe, mwanangu."

Mavuno yaliyofuata, Lucia alikuwa ameugua mara mbili tu kwa mwaka mzima. Kwenye jumuiya ya waumini, Bibi Dafrosa alikuwa akiwaambia vijana wapime damu kabla ndoa haijatangazwa kanisani. "Hata mimi ninayo," alisema bila aibu.

Alfajiri moja, moshi ulikuwa unatoka jikoni kwake. Aliinjika maji, yakapata moto, akayajaribu kwa kiwiko.

"Bibi, leo hatuendi mtoni?" Lucia aliuliza.

"Mto tumewaachia viboko, mjukuu wangu. Njoo uoge."

Agatha alisikia akiwa bado amepiga magoti. Sala yake ya asubuhi hiyo ilikuwa fupi: "Asante."