Sentensi Aliyoirudisha

Foleni ya duka la kuchapa ilikuwa imefika mlangoni, kila mtu anataka yake itoke kwanza, ndipo karatasi za bwana mmoja zikamponyoka na kutapakaa sakafuni. Msichana wa mashine, ambaye mtaa mzima ulimwita Vidole kwa wepesi wake wa kuchapa, aliinama kumsaidia. Akaona picha ya mdudu mweusi. Kisha akaona viatu vyenye tope kavu, shati la kijani lililopauka mabegani, na uso wa mtu aliyekwisha kuchoka na dunia.

"Na huyu anataka kuchapwa?" aliuliza.

"Huyu ni mbawakawa, dada. Mshike taratibu, asije akakuuma."

Alikuwa mtaalamu wa misitu. Wachapishaji wa kamusi elezo walimpa makala kuhusu mbawakawa huyo aihakiki: kila dai alitafutie ushahidi, lisilo na ushahidi alikate. Akawa anakuja kila alasiri na kurasa zilizojaa wino mwekundu, na Vidole anazichapa upya. Elimu yake iliishia shule ya msingi, lakini macho yake hayakuishia hapo. Kabla ya juma kwisha alijua kwamba kuna miti mirefu ya milimani iitwayo hemloki, kwamba wadudu weupe kama pamba huifyonza hadi ikakauka, na kwamba mbawakawa huyu huwala wadudu hao. Shangazi yake, mwenye duka, alikuwa akiwatazama kwa pembe ya jicho. "Wenzio huletewa maua," alimwambia. "Wewe unaletewa wadudu."

Wakapendana. Simu zikawa za asubuhi na jioni.

"Umekula, Vidole vyangu?"

"Nimekula. Na mbawakawa wako je?"

"Anakula. Ila hatoshi."

Wachapishaji walikuwa wamemwahidi kazi ya kudumu akiimaliza makala ile vizuri. Akishaipata, walikubaliana, atakwenda kwa shangazi kujitambulisha rasmi.

Siku ya mwisho aliikata sentensi ya mwisho, ile iliyosema kwamba mbawakawa huyu ameiokoa misitu ya hemloki. Alimweleza Vidole kwamba kwa miaka kumi na mmoja yeye mwenyewe amewapandisha mbawakawa hao milimani ndani ya visanduku na kuwaachia, na miti aliyoijua mmoja mmoja ikafa vilevile, mbawakawa wakiwa juu yake. Akaacha kurasa mezani zichapwe na kutumwa, akaondoka.

Vidole aliutazama mstari ule mwekundu muda mrefu. Ilikuwa kama kumwona mtu akimzika mwanawe kwa mikono yake. Miaka kumi na mmoja, na kitabuni isibaki hata sentensi moja? Akairudisha. Akaituma makala kwa wachapishaji.

Baada ya wiki mbili wachapishaji walimpigia bwana yule kumwambia kuwa mhakiki anayepitisha dai lisilo na ushahidi hawana haja naye. Alikuja dukani bila kupandisha sauti.

"Ni wewe?"

Vidole angeweza kuisingizia mashine. "Ni mimi. Nilikuhurumia."

Aliokota karatasi zake, akaenda. Simu zikalia bila kupokewa, mwezi, kisha wa pili. Vidole akangoja, kungoja alikujua kuliko kuchapa.

Siku bwana yule aliporudi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Shangazi akawapa viti, akajitia kupanga bahasha. Bwana yule alimwambia Vidole amemsamehe, na kwamba hata yeye aliitamani sentensi ile iwe kweli. Alikuwa anarudi milimani, kuihesabu hemloki iliyobaki.

"Twende wote," Vidole alisema.

Alitikisa kichwa. "Nakupenda. Lakini tangu siku ile kila ulichopata kuniambia ninakihakiki upya. Hata uliposema umekula."

Vidole hakulia. Alijua ndoa ya namna hiyo haisimami. Akanyoosha mkono, akamweka sawa kola.

"Basi nenda. Wala usiwe na wasiwasi, mimi sikungoji."

Alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akatoka. Katika yote aliyopata kuambiwa na Vidole, hilo peke yake aliliamini bila kulihakiki.