Kartoni ya Mzee Georges

Fidélie alikuta kartoni juu ya meza, mahali alipozoea kukaa mzee Georges. Akashtuka, maana jana yake aliiacha rafuni, na ufunguo wa maktaba ya parokia alikuwa nao yeye peke yake.

Katika maktaba ile ya Likasi, toleo jipya la jarida huwekwa mbele, kwenye rafu iliyoinama, ili msomaji aone jalada. Mwaka ukiisha, matoleo yake hupangwa kwa namba na kutiwa ndani ya boksi lenye jina na mwaka. Kitu kikitolewa, kartoni, kipande cha karatasi ngumu, husimamishwa penye pengo lake, imeandikwa kimekwenda wapi. Fidélie alijivunia utaratibu huo kupita kiasi. Alimkaripia hata padri kwa kurudisha jarida kichwa chini.

Ndiyo maana aibu yake ilikuwa kubwa. Alipopunguza majarida ya zamani, aliwagawia wauza karanga nakala za ziada wafungie karanga zao. Boksi moja alilitoa bila kulifungua. Kumbe ndilo lililokuwa na jarida la parokia lenye picha ya Rolly, mtoto wa mzee Georges, aliyefukiwa na udongo katika shimo la madini la Kamatanda. Picha nyingine ya Rolly haikuwapo. Mzee alikuwa akija kuitazama tu, kisha anaenda zake.

Mzee alipoikosa, Fidélie alimwambia jarida liko Lubumbashi kwa relieur, fundi wa kujalidi, akaandika hivyo hivyo kwenye kartoni.

“Bon,” mzee akasema kwa upole. “Minye nitangojea.”

Akawa anakuja, anavuta kiti, anakaa kulitazama pengo. Alingoja hadi alipokufa.

Sasa kartoni ilikataa kukaa rafuni. Fidélie akiirudisha na kugeuza kisogo tu, anasikia kiti kikiburutwa sakafuni, na harufu ya karanga za kukaanga inajaa chumba kizima ingawa madirisha yamefungwa, na akigeuka anaikuta kartoni mezani, ina joto kama kitu kilichoshikwa muda mrefu mikononi, na kiti kimesogezwa kumwelekea yeye.

Akamwita Mama Rosalie, mwanamke wa maombi aliyejulikana mjini kwa kufukuza pepo. Alikuja mchana, akaomba akizunguka rafu, hata akafika penye pengo akasimama.

“Huyu haiko pepo ya kufukuza,” akanong'ona. “Anangojea jibu. Weye unaficha nini?”

Kabla Fidélie hajajibu, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Henriette, mjane wa mzee Georges. Aliomba radhi kwa kusumbua, akauliza kama jarida limerudi, kwani uso wa mtoto wake umeanza kumtoka akilini.

Mama Rosalie akamshika Fidélie mkono. “Sema, mutoto yangu. Ukisema, ataenda.”

Fidélie alitaka kusema. Moyo ulimuuma hasa. Lakini alimwona Henriette anavyomwamini, akashindwa.

“Iko kwa relieur, mama,” akasema kwa sauti ndogo. “Haiyarudia.”

Henriette akashukuru, akaondoka. Mara ile harufu ikakatika, na kartoni haikuwapo tena mezani. Fidélie akapumua, kisha akajichukia kwa kupumua. Mama Rosalie alimwachia mkono, akatoka bila kuaga.

Nyumbani Fidélie alimkuta binti yake Plamedi amesimama mbele ya ukuta palipotundikwa picha ya Cyrille, baba yake, aliyefariki mtoto akiwa bado hajajua kusema. Ndiyo picha pekee waliyokuwa nayo. Ndani ya fremu, nyuma ya kioo, badala ya picha palikuwa na kartoni ile, na mwandiko ulikuwa wa Fidélie mwenyewe. Nyumba nzima ilinuka karanga.

“Mama, foto ya papa iko wapi?”

Fidélie alifumba macho autafute uso wa mumewe, paji lake, masharubu yake, hata lile kovu la shavuni alilokuwa akimtania nalo, na hakuona chochote. Alifungua kinywa amwambie mtoto ukweli wote. Maneno yaliyotoka yalikuwa yale yale.

“Iko kwa relieur.”

“Bon,” Plamedi akasema kwa upole. “Minye nitangojea.”

Akavuta kiti, akakaa kuutazama ukuta.