Namba Iliyobadilishwa kwenye Kompyuta ya Nne

Kila siku baada ya masomo, Chiriku, jina alilopewa kwa kupenda kuongea, alifungua chumba cha klabu ya kompyuta, akafuta vumbi na kuwasha mashine sita. Siku hiyo tano ziliwaka. Ya nne ikagoma: skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe, basi.

"Nani ameigusa hii?" mwalimu wa kompyuta aliuliza.

Chiriku alimtupia jicho Mgeni, msichana aliyehamia shuleni mwezi uliopita. Jana alimkuta peke yake kwenye mashine hiyohiyo, na Mgeni alipomwona tu, akafunga haraka dirisha alilokuwa amefungua kwenye skrini. Asiye na la kuficha angefunga vile?

"Mwalimu, muulize Mgeni. Jana alikuwa hapa, akaficha alichokifanya."

Mgeni aliinama. "Nilikuwa najifunza kuchapa. Niko polepole, niliona aibu."

"Hee! Nani akuamini?" Chiriku alidakia.

"Kama ni wewe, klabu huna tena," mwalimu alimwambia Mgeni. Machozi yakamlengalenga.

Mwalimu aliiwasha mashine kwa diski ya akiba, akafungua kiini cha mfumo, yaani programu inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine zote. Akakilinganisha na nakala safi. Kati ya safu zote za namba, moja tu ilitofautiana.

"Hapa palikuwa na kumi. Mtu ameweka moja."

Chiriku akakumbuka. Jana, Mgeni alipoondoka, yeye ndiye aliyechoka na zile sekunde kumi mashine inazosubiri kabla ya kuwaka. Aliona kumi ndani ya kiini, akaweka moja, akazima. Kumbe ilikuwa kumi ya kazi nyingine! Na kiini husomwa mashine inapowashwa tu, kwa hiyo jana haikulalamika.

Mwalimu alifunua daftari la klabu, ambamo kila mmoja huandika namba ya zamani kabla ya kuibadilisha. Ukurasa wa jana ulikuwa mtupu. Chiriku akinyamaza, nani atajua? Lakini Mgeni alikuwa tayari anakusanya madaftari yake.

"Mwalimu, ni mimi," Chiriku alisema. "Mgeni, nisamehe."

Mwalimu alimwacha airudishe kumi kwa mkono wake. Mashine ikawaka.

"Kukosea namba ni kawaida, mwanangu, ndiyo maana tuna nakala na daftari," alisema. "Ila mwenzako umemkagua mpaka dirisha alilofunga, na kazi ya mikono yako hukuikagua hata mara moja. Anza na yako."

Chiriku alichukua kalamu, akaandika kwenye ule ukurasa mtupu: Zamani kumi, nikaweka moja. Ni mimi, si Mgeni.